Mwongozo kamili wa kumpokea mwanafunzi wa Kimarekani Dar: wiki yake ya kwanza, hatua kwa hatua

Nyumbani kwetu ni Changanyikeni, nyuma ya chuo kikuu, na tumeshakaa na wanafunzi kadhaa wa Kimarekani wanaokuja kusoma semesta moja pale Mlimani. Kila nyumba inayotaka kupokea mgeni kama huyo inaniuliza kitu kile kile, mnawapikia nini, mnawatembeza wapi. Kiukweli hilo sio swali la kwanza. La kwanza ni hili: huyu mtoto wa watu akijikuta yuko Mwenge saa 1 jioni, simu imezima, atafika nyumbani? Mi wiki yote ya kwanza naipanga kwa swali hilo tu, mambo ya Zanzibar na mbuga za wanyama atayaenda na wenzake huko mbele wala hatahitaji msaada wako.

Kabla hajapanda ndege

Omba mawasiliano yake mapema, kama wiki mbili hivi kabla, umwandikie WhatsApp. Anza na simu yake. Kule watu wengi wananunua simu kwa mkopo wa kampuni ya simu, na mpaka deni liishe simu inakuwa imefungwa kwenye mtandao huo mmoja, ukiweka laini yetu haisomi. Aombe wamfungulie akiwa kwao, maana akishafika huku kuhangaika na kampuni iliyoko upande wa pili wa dunia ni mateso. Halafu iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia ile ya 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM, kwahiyo usikimbilie kumnunulia laini ya kadi ukidhani unamsaidia, muulize kwanza ana simu gani.

Umeme. Kwao ni volti 120, kwetu 230. Chaja za simu na laptopu hazina shida, zimeandikwa kwa maandishi madogo 100 mpaka 240, anahitaji adapta tu ya pini tatu bapa kama zetu. Ila mashine ya kukaushia nywele na pasi ya nywele vya kwao nyingi ni volti 120 peke yake, akichomeka kwako kitu kinaungua na huenda na kikata umeme kikaruka. Mwambie aviache, atanunua Kariakoo.

Muulize kama kuna chakula kinachomdhuru. Hapa uwe makini sana, wenzetu wakisema karanga zinawadhuru hawamaanishi hazipendi, mwingine koo linavimba anashindwa kupumua, na sisi karanga tunaweka kwenye mchicha, kwenye kisamvu, mpaka kwenye uji wa watoto. Mama mpishi ajue, dada wa kazi ajue, na jirani anayeleta sahani aambiwe. Kama hali nyama muulize anamaanisha nini, maana sisi ukituambia huli nyama tunakupa maharage yaliyoungwa kwa supu ya ng'ombe na tunaona tumekutendea haki.

Makaratasi ni kazi ya chuo au programu yake, ila mkumbushe aulize mapema: anayekuja kusoma anahitaji kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, daraja C, asije kwa viza ya utalii tu akidhani yameisha. Aje na dola mpya mpya zisizo na mikunjo wala maandishi, noti za zamani bureau zinakataliwa. Na asibebe vitu kwenye mifuko laini ya plastiki, ile ya kubebea bidhaa, imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Sasa na nyie wa nyumbani mkae kikao. Sisi tunakaa kabisa mpaka watoto wadogo. Tunakubaliana nani atampeleka wapi siku gani, na tunakubaliana kwamba hakuna mtu wa kumuomba hela wala simu, hata kwa utani.

Uwanja wa ndege

Ndege za kimataifa zinashukia jengo la tatu pale uwanja wa Julius Nyerere, lile lililofunguliwa 2019. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Marekani kuja Dar kwahiyo huyu ameunganisha, amekaa njiani masaa ishirini na kitu, macho mekundu, simu haina mtandao. Simama sehemu ya wazi na karatasi lenye jina lake, jina uliloliandika vile vile linavyoandikwa kwenye pasipoti. Nenda watu wawili, msiende ukoo mzima, kuna mwaka tulienda tisa yule binti alitoka akatuona akaanza kulia na sio kwa furaha, alichoka tu na watu wakawa wengi.

Kwenye gari ataenda mlango wa dereva. Wote wanafanya hivyo, usukani wa kwao uko kushoto. Mwelekeze bila kumcheka, na usimhoji njiani, mwache aangalie dirishani. Umwambie jambo moja tu, tunakwenda wapi na itachukua muda gani na foleni.

Usiku wa kwanza

Hapa watu wengi wanakosea, wanaandaa sherehe. Mgeni anataka kuoga, kula kidogo, kumwambia mama yake amefika, kulala. Mpe wifi au uwashe hotspoti yako kabla hata ya kumkaribisha chai.

Mtembeze nyumba kwa vitendo, usiseme tu "bafu lile pale". Ingia nae mpaka ndani uoneshe: maji yakikatika kuna pipa hili, unachota kwa kopo hili, unaoga hivi. Choo cha kuchuchumaa unasimama hivi, maji ya kujisafishia haya, na toilet pepa ipo pale, nunua, usimlazimishe kubadilika usiku mmoja. Neti inashushwa hivi na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Maji ya bomba hanywi wala hasukutulii meno, ya kunywa ni haya yaliyochemshwa au ya chupa, mwekee chupa chumbani. Ufunguo wa mlango na wa geti mpe usiku huo huo, mtu mwenye ufunguo anajisikia yuko kwao.

Muoneshe na mita ya LUKU. Kwao umeme unaletwa bili mwisho wa mwezi, hajawahi kuona uniti zinaisha saa 3 usiku nyumba nzima giza. Akiielewa hatashtuka.

Na mwambie kuhusu adhana. Kama mna msikiti karibu, alfajiri anaweza kuruka kitandani akidhani ni tahadhari ya hatari. Ukimweleza kabla anaamka anasikiliza anarudi kulala. Hata hivyo usingizi wenyewe utamsumbua, Dar iko mbele ya New York kwa masaa 7 au 8 kutegemea na msimu wao, California ndo 10 au 11, kwahiyo saa 9 usiku yeye macho makavu na njaa. Acha mezani ndizi, mkate na chupa ya chai.

Asubuhi ya kwanza fundisha saa

Kabla ya mambo mambo, kabla ya shikamoo, fundisha saa. Sisi tunahesabu toka jua linachomoza, wao toka usiku wa manane, tofauti ni 6 siku zote. Njia rahisi niliyoipata ni kuchukua saa ya mishale: namba ya Kiswahili ni ile inayotazamana na namba ya kwao. 8 inatazamana na 2, 10 inatazamana na 4. Dakika mbili tu ameshika.

Mgeni wetu wa kwanza hatukumfundisha. Mama akamwambia kwa Kiingereza tunaondoka saa nne kwenda kwenye ndoa ya binamu, kijana akaelewa saa 10 jioni, sisi tumeshavaa tumejaa kwenye gari yeye amelala fofofo. Tulichelewa ndoa. Toka hapo kwetu ukimpa mgeni muda kwa Kiingereza unampa wa Kizungu, ukimpa kwa Kiswahili unampa wa Kiswahili, na ukimwandikia unaandika zote mbili. Tarehe hivyo hivyo, wao wanaanza na mwezi, 5/8 kwake ni Mei 8, andika jina la mwezi.

Maneno yanayowachanganya

Wengi wamesoma Kiswahili kidogo kabla ya kuja, ila kuna vitu vitabu havisemi. "Nakuja" unalisema huku unaondoka, yeye anabaki amesimama haelewi. Amejikwaa ukamwambia pole, ukamtafsiria kwa Kiingereza, anakujibu sio kosa lako. Mnamkaribisha chakula anasema asante, nyie mnaelewa amekataa, yeye alimaanisha ndio, analala njaa na nyie mnasema huyu haringi kweli? Mwambieni wazi: ukitaka sema "asante, nakaribia", ukishiba sema "nimeshiba". Na akisema ameshiba mara mbili mwache jamani, kwao hakuna ile ya kubembelezwa mara ya tatu.

Akifunga mlango wa chumba mchana sio kanuna. Kwao mtu kukaa peke yake ni kupumzika. Mama yangu ilimchukua miaka kulikubali hili, alikuwa anagonga kila nusu saa, "mwanangu unaumwa?"

Shikamoo ifundishwe kwa mifano, mtembeze mtaani: huyu bibi shikamoo, huyu wa umri wako mambo, muuza genge habari za asubuhi. Mtaa ukishamjua kwa salamu umepata walinzi wa bure, hata akipotea watu watasema huyu ni mgeni wa kwa mama fulani.

Kuna la kusema kuhusu Wamarekani weusi. Watu wengi hapa wakisikia Mmarekani wanategemea mzungu. Mweusi akija anasemeshwa Kiswahili cha haraka haraka, asipojibu wanasema anaringa, konda anamfokea, na kuna wanaomwambia usoni "wewe sio Mmarekani". Mwingine amesubiri maisha yake yote kukanyaga Afrika halafu anaambiwa hivyo siku ya pili, inauma. Mpe sentensi mapema: "Samahani, mimi mgeni, najifunza Kiswahili." Na nyumbani mkatazane kumuuliza kwenu hasa ni wapi, wengi mababu zao walichukuliwa utumwani na hakuna aliyewaachia jibu. Mwenye asili ya Asia nae ataitwa Mchina barabara nzima, mtayarishe, na ukiwa nae wewe ndo uwajibu watu.

Laini na hela

Siku ya kwanza mchana, siyo mapema sana, nenda nae Mlimani City, kuna maduka ya kampuni za simu, benki na bureau sehemu moja. Laini isajiliwe kwenye duka la kampuni, kwa pasipoti yake na alama za vidole vyake mwenyewe, usimsajilie kwa kitambulisho chako hata kama foleni ndefu, laini ikifanya jambo unaulizwa wewe. Hapo hapo afunguliwe na akaunti ya pesa ya kwenye simu. Mfanyishe mazoezi: akutumie shilingi 1,000, umrudishie, atoe kwa wakala akiwa na wewe. Mfundishe kusoma jina la anayemtumia kabla ya kuweka namba ya siri, na kwamba meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ni ya matapeli hata kama inaonekana inamlenga yeye.

Noti zipange mezani, 1,000, 2,000, 5,000, 10,000. Sifuri zinawachanganya, mtu ametoa elfu kumi ya maji ya elfu moja akaondoka. Mpe bei halisi za mtaa wenu za vitu kama kumi, maji, ndizi, chipsi mayai, nauli, bajaji mpaka chuo, aandike kwenye simu. Hiyo orodha ya bei ni zawadi kubwa kuliko kitenge.

Barabara, hapa chukua siku nzima

Hili ndo linalonitisha kuliko malaria. Kwao magari yanapita kulia. Toka utotoni shingo yake imezoea kugeuka kushoto kwanza, na kwetu gari linalokukaribia kwanza linatoka kulia. Anaangalia vizuri kabisa, upande ambao sio. Simama nae barabara ya Sam Nujoma, mshike mkono kweli, msirudie mara moja, vuka nae mara sita: kulia, kushoto, kulia tena. Halafu mwambie bodaboda inatoka upande wowote. Na barabara ya Morogoro kuna njia ya mwendokasi katikati, mabasi marefu yanakimbia pande zote mbili wakati magari mengine yamesimama kwenye foleni, hapo ndo watu wanagongwa.

Daladala mpandishe mara ya kwanza saa za katikati ya asubuhi, saa 4 hivi, usimuanzishie na jioni ya watu kupitia dirishani. Muoneshe maandishi ya mbele, unatoka wapi unaenda wapi, kwa mfano Mwenge Ubungo. Begi mbele kifuani, simu ndani. Chenji ndogo mkononi. Konda akitikisa sarafu ndo anadai nauli. Kushuka unasema "shusha kituoni" kwa sauti, na hapa wengi wanashindwa, wanaona aibu kupaza sauti wanapitishwa vituo viwili. Mwambie apige kelele nyumbani kwanza. Sisi tulikaa sebuleni tukampigisha binti mmoja "SHUSHA!" mpaka majirani wakaja kuchungulia, na kesho yake alishuka mwenyewe.

Bodaboda, programu nyingi zinawakataza wanafunzi wao kabisa, muulize sheria yake na uiheshimu, usimwambie "panda tu mimi najua dereva". Usiku atumie gari la kuitwa kwenye apu, asome namba za gari kabla ya kuingia.

Jina la nyumbani: kwetu anwani haisaidii, mtu anafika kwa alama. Mwandikie kwa Kiswahili kwenye karatasi, sio kwenye simu: kituo unachoshukia, duka, mti, geti rangi gani, na namba zenu mbili. Akae nayo mfukoni. Na picha asipige hovyo karibu na polisi, jeshi, bandari au Ikulu.

Chuo

Tembea nae kampasi kabla masomo hayajaanza, Mlimani ni kubwa na ina vilima, mtu anapotea. Muoneshe Utawala, maktaba mpya, madarasa ya Yombo, na ukumbi wa Nkrumah ule uliokuwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Kama anasoma Kiswahili basi atakuwa TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya hapo hapo chuoni.

Kinachowashangaza ni jinsi taarifa zinavyotembea. Wao wamezoea mwalimu anatoa karatasi siku ya kwanza yenye kila kitu mpaka mwisho wa semesta, halafu barua pepe. Hapa kipindi kinahamishwa chumba na taarifa iko kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Kwahiyo siku ya kwanza kabisa darasani amtafute CR, yaani mwakilishi wa darasa, ajitambulishe, aingizwe kwenye grupu, aulize madesa, yaani notsi za kusomea, yanatolewa fotokopi wapi. Na ajue alama zinavyogawanywa, kawaida kazi za darasani 40 na mtihani wa mwisho 60, wakati kwao wamezoea alama ndogo ndogo kila wiki, anaweza kujisahau mpaka mwisho.

Siku ya tatu au ya nne atanyong'onyea

Msishtuke, na msimuitie watu. Mwache aongee na kwao, msaidie tu na saa: saa 12 jioni yetu, New York wakiwa kwenye kiangazi ni saa 5 asubuhi na California saa 2 asubuhi, watu wameamka. Mpe kazi ndogo ya nyumbani. Kukuna nazi, kuchambua mchele, kusukuma chapati. Mgeni anayekaa kwenye kochi anaangaliwa anabaki mgeni, aliyechomwa na mafuta ya chapati anaanza kucheka.

Akiumwa

Tumbo likimharibikia, maji kwanza: paketi za ORS zipo maduka yote ya dawa, na ukikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha. Kuna damu au homa, hospitali.

Homa yoyote apimwe, msimpe dawa ya malaria kwa kukisia. Malaria huwa inachukua siku 7 au zaidi toka kuumwa na mbu, kwahiyo homa ya siku ya pili inaweza kuwa kitu kingine, na Dar tumeshapata milipuko ya homa ya dengue, 2014 na 2019, ambayo mbu wake anauma mchana neti imekunjwa. Asiache vidonge vyake vya kinga, na akirudi kwao akapata homa hata baada ya wiki kadhaa amwambie daktari alikuwa Tanzania. Bima yake inalipaje hapa, ulizeni siku ya kwanza sio siku ya kuumwa. Polisi ni 112.

Jaribio la mwisho

Siku ya tano au ya sita, mchana, mtume Mlimani City peke yake, akanunue kitu halisi mnachokihitaji, sisi huwa tunamtuma sabuni na ngano. Mpe hela kamili na nauli. Usimfuate kwa nyuma, usimtume mdogo wako amchungulie, na usimpigie simu kila dakika kumi. Mama yangu siku hiyo huwa anafagia uwanja mara tatu.

Ukisikia geti linafunguliwa kaa pale pale ulipo, mwache aingie mwenyewe, atue mzigo, anywe maji, ndo umuulize: konda amekurudishia chenji?